Dawa mbadala si dawa iliyobaki rafuni

Barua ya wazi kwa wanaoandika miongozo ya tiba, wanaonunua dawa na wanaosimamia kliniki za watoto

Waheshimiwa,

Mwanangu ana pumu, na alikuwa na miaka saba alipoanza kuamka usiku akipiga kelele. Hakikuwa kikohozi. Kikohozi chake nakijua, nimelala nacho miaka mingi. Safari hii kifua kilikuwa kimetulia kabisa, na yeye ameketi kitandani jasho likimtoka, akinisukuma nisimshike. Mchana akawa mtoto mwingine: hasira za ghafla, machozi yasiyo na chanzo, na siku moja akaniambia kwa sauti ya kawaida tu kwamba anachukia kuwa yeye. Tulimkemea. Tulimwombea. Tulimuuliza mwalimu wake kama kuna anayemwonea. Wiki sita zilipita hadi daktari mwingine kabisa, tuliyemwendea kwa ajili ya sikio, alipouliza swali ambalo hakuna aliyekuwa ameuliza: anatumia dawa gani?

Alikuwa anatumia montelukasti, kidonge cha pumu cha kutafuna kila jioni. Tulipewa siku tuliyokwenda kuchukua inhela yake ya kuzuia tukaambiwa zimeisha. "Chukua hizi, ni mbadala." Hayo ndiyo maelezo yote tuliyopata pale dirishani. Kidonge kiliposimamishwa, siku chache baadaye usingizi ulirudi, na mtoto wangu akarudi pamoja nao.

Najua kisa cha mtoto mmoja hakithibitishi jambo. Huenda ndoto zile zingekoma zenyewe. Lakini onyo halikuwa siri. Machi 2020 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliagiza montelukasti iwekewe onyo lake kali kuliko yote, lile linalochapwa ndani ya kisanduku, kwa sababu ya taarifa za ndoto mbaya, fadhaa, mabadiliko ya tabia na hata mawazo ya kujiua kwa baadhi ya wanaoitumia. Aliyetupa kidonge hakutuambia hata neno moja la hayo. Siamini kwamba alikuwa mtu asiyejali. Alikuwa na foleni ndefu mbele yake na rafu tupu nyuma yake, na rafu hiyo haikuwa kazi yake kuijaza. Ni kazi yenu.

Ndiyo maana nimeamua kuwaandikia ninyi kuhusu neno lile moja: mbadala.

Pumu ya mwanangu ni ile inayoendelea. Haingoji mafua wala vumbi. Hata siku anayokimbia na wenzake akicheka, mirija yake ya hewa imevimba kwa ndani, ina ute, iko tayari kubana kwa sababu ndogo tu. Kwa hiyo dawa zake ni za namna mbili. Ya kufungua kifua, salbutamoli, hulegeza misuli inayobana mirija. Inaleta nafuu ndani ya dakika chache, na baada ya saa nne hadi sita imekwisha. Ya kuzuia, yaani steroidi ya kuvuta, inashughulika na uvimbe wenyewe. Hii haionyeshi chochote papo hapo. Inatumika kila siku, mtoto akiwa mgonjwa au mzima, na faida yake ni mambo ambayo hayatokei: usiku usioharibika, safari ya hospitali isiyofanyika. Sisi wazazi huipenda ile ya kwanza kwa sababu tunaiona ikifanya kazi. Nahofia kwamba wanaopanga bajeti nao huvutwa na jambo hilo hilo.

Hakuna jipya katika haya. Salbutamoli iliingia katika matumizi mwaka 1969, na beklometasoni, ambayo ni steroidi ya kuvuta, mwaka 1972. Inhela yenyewe ya kubonyeza ni ya 1956, na asili yake huwa naikumbuka mara kwa mara: binti wa miaka 13 mwenye pumu, nchini Marekani, alimuuliza baba yake kwa nini dawa yake isiwekwe kwenye kopo la kupuliza kama ile ya nywele. Baba alikuwa mkuu wa kampuni ya dawa. Mtoto aliuliza, mwenye madaraka akasikiliza, na muda si mrefu chombo kikawepo. Ni zaidi ya nusu karne sasa. Hata hivyo Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 waliishi na pumu na watu 455,000 walikufa kwayo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, ambako ugonjwa huu hautambuliwi vya kutosha wala kutibiwa vya kutosha.

Lawama si yenu peke yenu. Sisi wazazi tunaiogopa steroidi. Neno lenyewe linatisha, na hofu hiyo ndiyo inayotufanya tukipokee kwa furaha kidonge chochote kinachoitwa mbadala. Mimi nilifurahi siku ile, nakiri. Nilijiambia, afadhali apumzike na ile dawa kali. Hakuna aliyewahi kunipa namba ambazo zipo tangu mwanangu hajazaliwa.

Nitaziandika hapa, kwa sababu kila mzazi anastahili kuzisikia. Katika utafiti uitwao CAMP, watoto 1,041 wa miaka 5 hadi 12 walifuatiliwa kwa miaka minne hadi sita. Wengine walivuta budesonidi, ambayo ni steroidi. Wengine nedokromili, ambayo si steroidi. Wengine dawa bandia, yaani isiyo na dawa ndani, kwa ajili ya kulinganisha. Matokeo yalichapishwa mwaka 2000. Waliovuta budesonidi walilazwa hospitali mara chache zaidi na walihitaji steroidi ya kumeza mara chache zaidi. Waliongezeka urefu pungufu kwa sentimita 1.1 kulinganisha na wale wa dawa bandia. Watafiti hawakuishia hapo. Waliwafuata hadi utu uzima, na mwaka 2012 wakaripoti tofauti ya sentimita 1.2. Pengo lililoanza mapema halikuzibika, wala halikukua.

Sentimita moja na kidogo. Nimeiangalia kwenye rula. Ni kama upana wa kidole changu. Sisemi si kitu, huo ni mwili wa mwanangu na yeye ndiye atakayeishi nao. Ninasema kwamba ningepewa namba hiyo mapema, ningeiweka kwenye mizani pamoja na usiku niliomwona akivuta pumzi kwa mabega, ngozi ikizama kati ya mbavu, akishindwa kumaliza sentensi, na ningejua la kuamua. Ningeiweka pia pamoja na prednisoloni ya kumeza, ambayo hupewa pumu inapochacha na ambayo, ikirudiwarudiwa, huathiri mifupa, ukuaji na tezi za mwili mzima zaidi kuliko dozi ndogo inayovutwa moja kwa moja hadi kwenye mapafu. Mzazi anayeikimbia steroidi ya kuvuta mara nyingi anaikimbilia ile ya kumeza bila kujua.

Na upande wa pili nao usemwe. Steroidi ya kuvuta haiponyi pumu. Mwaka 2006 yalitolewa matokeo ya utafiti wa watoto 285 wa miaka 2 na 3 waliokuwa katika hatari kubwa ya kupata pumu. Waliopewa flutikasoni, steroidi nyingine ya kuvuta, kwa miaka miwili walikuwa na siku nyingi zaidi za nafuu walipokuwa wakiitumia. Ilipoachwa, katika mwaka uliofuata faida ile haikuonekana tena. Waheshimiwa, isomeni habari hiyo kama watu wa ugavi. Dawa ambayo faida yake huisha inapokatika haiwezi kuja mwezi huu na kukosekana miezi miwili ijayo. Kwa mtoto, ugavi wa namna hiyo unakaribia kutokutibiwa.

Sasa kuhusu hizo mbadala zenyewe. Zipo, na baadhi ni nzuri, na sitaki barua hii imfanye mtu yeyote aamke kesho amnyang'anye mtoto dawa inayomsaidia. Wapo watoto ambao montelukasti imewabadilishia maisha. Mwaka 2005 watafiti walichapisha jaribio la watoto 144 wa miaka 6 hadi 17 waliotumia flutikasoni kwa wiki nane na montelukasti kwa wiki nane. Wakipima jinsi mapafu yalivyoboreka, waliona asilimia 17 waliitikia dawa zote mbili, asilimia 23 flutikasoni peke yake, asilimia 5 montelukasti peke yake, na asilimia 55 hawakufikia kiwango cha kuhesabiwa kuwa wameitikia yoyote kati ya hizo. Hiyo asilimia 5 ni watoto wa kweli wenye wazazi wa kweli. Mtoto asiyeweza kabisa kutumia inhela, au mwenye pumu pamoja na mafua ya mzio, anaweza kufaa kwa kidonge hicho. Lakini namba hizo hizo zinaeleza kwa nini miongozo huitaja montelukasti ya pili, baada ya steroidi ya kuvuta kwa dozi ndogo. Kumpa kila mtoto kidonge hicho kwa sababu ndicho kilichopo ni kubahatisha kwa kutumia vifua vya watoto.

Theofilini, dawa ya kumeza ya kufungua kifua, ni kongwe na rahisi kutengeneza, ndiyo maana bado inaingia katika orodha za manunuzi. Tatizo lake ni kwamba kipimo kinachosaidia na kipimo kinachodhuru viko karibu mno. Ikizidi kidogo huleta kutapika, moyo kwenda mbio, kukosa usingizi. Ikizidi zaidi, degedege. Homa inaweza kuipandisha katika damu, na baadhi ya dawa za bakteria, erithromaisini ikiwamo, zinaipandisha pia. Mtoto mwenye pumu hupata homa na hupewa dawa za bakteria mara kwa mara. Mahali pasipo na maabara ya kupima kiwango chake katika damu, sielewi theofilini inasimamiwaje.

Kromoglikati nina heshima nayo ya pekee. Ilipatikana kwa sababu daktari Roger Altounyan, aliyekuwa na pumu mwenyewe, alikuwa akijisababishia shambulio na kisha kujijaribia dawa, mara mamia, hadi mwaka 1965 akaifikia hiyo. Ni salama sana. Lakini ni dhaifu kuliko steroidi, na huvutwa mara nne kwa siku. Anayedhani mtoto wa shule atavuta dawa mara nne kila siku, mwaka mzima, hajawahi kumwandaa mtoto asubuhi.

Halafu kuna salbutamoli ya kumeza, ya maji au ya vidonge, inayotolewa hadi leo kwa watoto wengi mno. Hii hata kuiita mbadala naona tabu. Bonyezo moja la inhela hutoa maikrogramu 100. Kidonge kidogo kina miligramu 2, yaani mara ishirini ya hapo, na kwa kuwa kinapitia tumboni na kwenye damu kabla ya kufika kwenye mapafu, nafuu huchelewa na mtoto hutetemeka mikono, moyo ukimdunda. Miongozo ya kimataifa ya tiba ya pumu, ile ya GINA, haishauri dawa za kufungua kifua kwa njia ya kumeza. Inhela ipo. Kwa nini tunaendelea kununua chupa?

Kwa watoto ambao dozi ndogo ya steroidi haiwatoshi, njia si moja. Inaweza kuongezwa dozi, inaweza kuongezwa dawa ya kufungua kifua ya muda mrefu kama salmeteroli au formoteroli ndani ya inhela moja na steroidi, inaweza kuongezwa montelukasti. Mwaka 2010 watafiti waliwapitisha watoto 182 katika njia zote tatu, moja baada ya nyingine. Ile ya dawa ya muda mrefu ndiyo iliyoelekea zaidi kuwa bora. Lakini kilichonigusa mimi ni kwamba kati ya watoto 165 walioweza kutathminiwa, 161 walionyesha tofauti kati ya njia moja na nyingine, na si wote waliegemea upande mmoja. Karibu kila mtoto alikuwa na jibu lake. Hofu iliyokuwapo kuhusu dawa hizo za muda mrefu ilikuwa na msingi zilipotumiwa peke yake, bila steroidi, na kwa namna hiyo ya peke yake zisitolewe kamwe; zikiwa ndani ya inhela moja na steroidi, jaribio la 2016 lililohusisha watoto 6,208 wa miaka 4 hadi 11 halikuona ongezeko la matukio mabaya makubwa.

Za sindano nitazitaja kwa ufupi, maana hazimhusu mwanangu. Omalizumabu, mepolizumabu na dupilumabu zote zimeidhinishwa Marekani kwa watoto kuanzia miaka 6, ya mwisho kati ya hizo mwaka 2021. Ni kwa wachache wenye pumu kali isiyoshikika, na kwao ni ukombozi. Ninachoomba tu ni kwamba kabla mtoto hajaitwa mwenye pumu isiyoshikika, mtu amwangalie kwa macho yake anavyovuta inhela.

Hapo ndipo nilipojifunza zaidi. Mwaka wote wa kwanza mwanangu alikuwa akipulizia dawa kwenye ulimi. Hatukupewa speisa, kile chombo cha plastiki kinachokaa kati ya inhela na mdomo ili mtoto avute taratibu, na dawa isigonge koo na kuishia hapo. Mtoto mdogo hawezi kubonyeza na kuvuta kwa wakati mmoja. Hata watu wazima wengi hawawezi. Bila speisa, dawa bora duniani huonekana haifanyi kazi, na mtoto hupandishwa dozi au kuhamishiwa "mbadala" bila sababu. Na msiniambie vifaa havipatikani: mwaka 1999 watafiti wa Afrika Kusini walichapisha katika jarida la Lancet matokeo kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa na kuzibwa vizuri pembeni mwa inhela, ilifanya kazi sawa na speisa ya kiwandani kwa watoto waliokuwa wamebanwa na pumu.

Ninayoomba yanatokana na hayo.

Kwanza, inhela ya steroidi ya dozi ya mtoto ipatikane kila mahali inapopatikana ile ya kufungua kifua, na zihesabiwe pamoja. Shirika la Afya Duniani lina orodha ya dawa muhimu za watoto tangu 2007, na budesonidi ya kuvuta imo. Kituo kikiagiza salbutamoli mia na budesonidi tano, mtu ashtuke. Nchini Uingereza, mapitio ya vifo 195 vya pumu yaliyotolewa mwaka 2014 yaligundua kwamba kati ya wagonjwa ambao rekodi zao za dawa ya kufungua kifua zilijulikana, asilimia 39 walikuwa wameandikiwa inhela zaidi ya 12 za aina hiyo katika mwaka wa mwisho wa maisha yao. Zaidi ya moja kila mwezi, na kila moja ilitolewa na mtu. Huko kuna rekodi, ndiyo maana walijua. Kwingine hatujui kwa sababu hakuna anayehesabu.

Montelukasti isitoke dirishani bila mzazi kuambiwa kwa mdomo, na kwa maandishi katika lugha anayoisoma, kwamba aangalie usingizi na tabia ya mtoto, na kwamba akiona mabadiliko aisimamishe na arudi. Inachukua dakika moja. Sisi tulipoteza wiki sita, na mtoto wangu alikemewa kwa wiki sita kwa kosa ambalo naamini halikuwa lake. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo kuliko pumu yenyewe.

Salbutamoli ya kumeza iondolewe katika manunuzi ya watoto, na fedha zake zinunue speisa.

Na la mwisho, ambalo naliomba kuliko yote. Daktari au mfamasia anapobadilisha dawa ya mtoto, aandike sababu. Kama ni kwa sababu dawa ya kwanza haikumfaa, aandike hivyo. Kama ni kwa sababu mtoto hawezi inhela, aandike. Na kama ni kwa sababu dawa imeisha, aandike "imeisha", pamoja na tarehe ya kurudi kuifuata. Mzazi ataujua ukweli, daktari atakayefuata ataujua, na ninyi mtakapozikusanya kadi hizo mtaona kwa mara ya kwanza ni watoto wangapi walio kwenye tiba mbadala kwa kuchaguliwa, na ni wangapi wako huko kwa kukosa.

Kadi ya mwanangu iko mbele yangu ninapoandika. Kuna tarehe, kuna "montelukasti mg 5 jioni", kuna sahihi. Kati ya dawa na sahihi kuna nafasi tupu ya mstari mmoja.

Nangoja majibu yenu,

Mama wa mtoto wa miaka tisa mwenye pumu